Tulirudi Nyumbani Mapema Mno

Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu, walimu wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana: nawashukuru kwa kuja kusikiliza mada isiyokuwa na utamu. Niliombwa nizungumze juu ya Wakenya kukata tamaa na siasa, na juu ya matumaini ya kupata uongozi ulio bora. Nilikuwa nimeandaa utangulizi mrefu, lakini nauacha, kwa sababu nilipokuwa nikiingia ukumbini kijana mmoja, ambaye namwona bado amesimama pale mlangoni, aliniamkia kwa adabu kisha akaniuliza: "Mwalimu, wewe bado unapiga kura?" Nikamjibu kwamba ndiyo. Akauliza tena: "Na umepata nini?" Hilo sikuwahi kulijibu, maana mwenyekiti alikuwa ananiita. Nitalijibu sasa, ila itanibidi nianzie mbali.

Wengi wenu humu mlikuwa hamjazaliwa, au mlikuwa mkibebwa mgongoni, tarehe 30 Desemba 2002. Siku hiyo Mwai Kibaki aliapishwa katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, akiwa kwenye kiti cha magurudumu kwa sababu ya ajali ya barabarani iliyompata wiki chache kabla ya uchaguzi. Chama cha KANU kilikuwa kimetawala tangu uhuru wa mwaka 1963, na Daniel arap Moi alikuwa ameshika urais kwa miaka 24. NARC, muungano wa vyama vilivyomsimamisha Kibaki, ulipata takriban asilimia 62 ya kura za urais, na umati uliofurika bustanini uliimba wimbo wa kanisani uliogeuzwa maneno ili kumuaga Moi. Mzee mwenyewe alipofika kukabidhi madaraka, alizomewa. Sijivunii kuzomea kule, lakini siwezi kudai kwamba nilihuzunika. Rais mpya alisimama mbele yetu akaahidi kuwa ufisadi hautakuwa tena desturi ya maisha ya Kenya, nasi tukamwamini kama mtu anavyoamini kwamba kesho kutakucha.

Wiki zilizofuata lilitokea jambo ambalo hadi leo nalihesabu kuwa kubwa kuliko kuapishwa kwenyewe. Abiria wa matatu walianza kumkabili askari wa trafiki aliyepokea hongo na kumshurutisha airudishe hapo hapo barabarani. Hakuna waziri aliyewatuma. Watu waliokuwa wamezoea kutazama dirishani "kitu kidogo" kinapopita kutoka mkono wa utingo hadi mkono wa askari waliona ghafla kwamba fedha ile ilikuwa nauli yao. Mwezi huo huo wa Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo, na watoto zaidi ya milioni moja wakaingia shuleni. Mimi nilikuwa nikifundisha darasa la tatu. Nililiacha Desemba likiwa na watoto 48, nikalikuta Januari lina 103, wengine wamekaa sakafuni, na mmoja wao ameshaanza kuota ndevu. Mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge, akiwa na umri wa miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza kule Eldoret. Chaki ilitupungukia, madaftari ya kusahihisha yakatulemea, na katika miezi ile sikumsikia mwalimu hata mmoja akilalamika.

Kisha tukarudi nyumbani.

Hilo ndilo neno langu la leo, na nitalirudia kwa sababu naona ndilo tunalolikwepa tunapowalaumu wanasiasa. Tulirudi nyumbani tukidhani kazi imekwisha. Wanaharakati ambao kwa miaka mingi walikuwa wakiikemea serikali waliingia serikalini, na viti walivyoviacha vikabaki wazi. Kivutha Kibwana, mwalimu wa sheria aliyekuwa miongoni mwa vinara wa harakati za kudai katiba mpya katika miaka ya 1990, akawa mbunge wa Makueni na baadaye waziri. Simtaji kwa ubaya, nitamrudia. Makasisi, mawakili na wahariri nao walilegeza kamba, kwa hoja kwamba serikali hii ni yetu, tuipe nafasi. Hata wale abiria wa matatu, kabla mwaka haujaisha, walikuwa wamerudia kutazama dirishani.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tunapoitumia methali hii huwa tunamnyooshea mgema kidole, na ni haki yake. Lakini sijasikia mtu akiuliza wanywaji walikuwa wapi, na kwa nini waliendelea kunywa.

Yaliyofuata mnayajua au mmeyasoma. Wabunge wapya, katika mambo yao ya mwanzo, walijiongezea marupurupu. Makubaliano yaliyounganisha pande mbili za NARC yakakanwa na upande mmoja. Katiba tuliyoahidiwa ndani ya siku 100 ilipelekwa kwenye mkutano wa katiba wa Bomas, Nairobi, ambako wajumbe walikaa kuanzia Aprili 2003 hadi Machi 2004. Humo kulikuwa na mwenyekiti wa kamati ya ugatuzi, Dkt. Crispin Odhiambo Mbai, aliyeshikilia kwamba mamlaka na fedha visirundikwe Nairobi. Aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Septemba 2003. Februari 2005 John Githongo, aliyeteuliwa na rais kusimamia vita dhidi ya ufisadi, alijiuzulu akiwa London, na kashfa ya Anglo Leasing, ya mikataba ya serikali na kampuni hewa, ikazidi kuanikwa. Rasimu ya Bomas ikachokolewa hadi ikawa kitu kingine, na wananchi wakaikataa katika kura ya maoni ya Novemba 2005, wengine kwa sababu ya vifungu vyake, wengine, tuseme ukweli, kwa sababu ya kabila la aliyewaambia waikatae.

Juu ya uchaguzi wa Desemba 2007 sitasema mengi. Watu zaidi ya 1,100 walikufa na zaidi ya laki sita wakafurushwa makwao. Siku ya mwaka mpya wa 2008 kanisa lilichomwa Kiambaa, karibu na Eldoret, likiwa na akina mama na watoto waliokimbilia humo. Tume ya Jaji Kriegler ilipochunguza uchaguzi ule ilisema kwamba, kwa jinsi hesabu zilivyoharibiwa, haiwezekani kujua nani alishinda. Yaani watu waliuawa kwa ajili ya jibu ambalo halikuwepo. Nadhani hapo ndipo kizazi changu kilipovunjika moyo kweli kweli, si kwa sababu tulimpoteza kiongozi tuliyempenda, bali kwa sababu tuliona majirani tuliosimama nao bustanini miaka mitano kabla wakishika mapanga, na hatukuwa na maneno ya kujieleza mbele ya watoto tuliokuwa tukiwafundisha.

Hata hivyo katika majivu yale ndimo ilimotoka Katiba ya mwaka 2010, na hapa sitakubaliana na wanaosema haijabadilisha kitu. Ugatuzi aliousimamia marehemu Mbai umo, katika sura ya serikali 47 za kaunti. Ibara ya kwanza kabisa inasema mamlaka ni ya wananchi. Mnamo tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilibatilisha uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani, jambo ambalo katika utawala wa Moi lisingewazika. Kasoro ni kwamba Katiba hii ilituandikia haki, lakini haikuweza kutuandikia mazoea. Ibara ya 104 inampa mpiga kura haki ya kumwondoa mbunge wake kabla ya muhula kwisha. Tangu 2010 hakuna mbunge hata mmoja aliyeondolewa kwa njia hiyo. Sheria iliyowekwa kuitekeleza ilitungwa na wabunge wenyewe, na vizingiti vyake vilikuwa virefu kiasi kwamba mwaka 2017 Mahakama Kuu ililazimika kuvibatilisha baadhi yake.

Kwa hiyo simshangai kijana aliyeamua kutopiga kura. Katika uchaguzi wa 2013 asilimia 86 hivi ya waliojiandikisha walijitokeza. Mwaka 2017 wakawa karibu asilimia 80. Mwaka 2022 wakashuka hadi takriban asilimia 65. Watu husema huo ni uvivu. Mimi naona ni hesabu: mtu amelipa mara tatu, hajaletewa mzigo, mara ya nne anafunga mkoba.

Vijana hao hao, Juni 2024, walitufundisha jambo ambalo sisi hatukulijua mwaka 2003. Walichukua Mswada wa Fedha, ambao wazazi wao hawakuwahi kuufungua, wakausoma kifungu kwa kifungu, wakaufasiri katika lugha za nyumbani, wakaeleza maana ya kodi ya asilimia 16 juu ya mkate na asilimia 2.5 juu ya thamani ya gari. Waliwapigia wabunge simu. Walikataa kuongozwa na mtu mmoja, na walikataa kuulizana kabila. Tarehe 25 Juni bunge liliupitisha mswada, waandamanaji wakaingia bungeni, na risasi zikapigwa. Siku ya pili rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Kwa hesabu ya tume ya taifa ya haki za binadamu, watu takriban 60 walipoteza maisha katika maandamano ya miezi ile. Hakuna hotuba inayoweza kuifanya bei hiyo ionekane ndogo, na mimi sitajaribu.

Ila nawauliza, kwa heshima ya waliokufa: Desemba ya mwaka huo huo, baadhi ya kodi zilizokuwa zimeondolewa zilirudi kupitia sheria nyingine na zikatiwa sahihi. Ni wangapi kati yetu waliosoma sheria ile ya pili kama tulivyosoma ya kwanza? Naona mikono mitatu. Wangu haupo.

Nilisema nitamrudia Kivutha Kibwana. Mwaka 2013 alirudi Makueni akiwa gavana, na miaka yake ya mwanzo ilikuwa ya fujo tupu. Bunge la kaunti lilimkatalia bajeti, Septemba 2014 risasi zilipigwa katika majengo ya bunge hilo na watu wakajeruhiwa, wananchi kwa maelfu wakatia sahihi ombi la kuivunja kaunti nzima, na tume iliyoundwa ikapendekeza hivyo, ingawa rais alikataa. Ukiyasoma hayo pekee utasema ni Kenya ile ile. Lakini chini yake kulikuwa na kazi isiyoandikwa magazetini. Mikutano ya bajeti ilianzia kijijini, na kaunti ile ina vijiji zaidi ya 3,000, kisha ikapanda hadi wadi, hadi kaunti ndogo, hadi kwenye kikao cha kaunti yote. Kila mradi ulichaguliwa kamati ya wananchi wanaouzunguka, na mkandarasi hakulipwa mpaka kamati hiyo itie sahihi kwamba kazi imefanyika. Hebu litafakarini jambo hilo. Mama anayeuza maembe pembeni mwa barabara ndiye anayeamua kama aliyeijenga barabara atapata hundi yake. Hospitali ya mama na mtoto ya vitanda 200 ilijengwa mjini Wote, na familia ikawa inalipa shilingi 500 kwa mwaka ili itibiwe katika hospitali za kaunti.

Najua mnachosubiri: niseme tumtafute Kibwana mwingine. Sivyo. Agosti 2022, muhula wake wa pili ulipokwisha, Kibwana aliwania useneta wa Makueni akashindwa. Watu waliofaidika na kazi yake walimnyima kura, na gavana aliyemfuata akaikuta mikutano ya vijiji ikiendelea, wanakijiji wakiwa wameshazoea kuuliza. Nilipolisikia hilo nilimhurumia mwanasheria yule, lakini kwa nchi nilifarijika kuliko nilivyofarijika kwa ushindi wowote tangu 2002. Mtu alikuwa ameondoka, na kikao kimebaki.

Si kila kikao ni cha maana, nakiri. Katika kaunti ninayoishi, ambayo sitaitaja, nilihudhuria mkutano wa bajeti uliotangazwa kwenye gazeti siku mbili kabla. Nyaraka zilikuwa za Kiingereza pekee, maandazi yalikuwa mengi kuliko nakala, na afisa aliyetusomea tarakimu alituomba tupige makofi ili ihesabiwe kwamba tumeshiriki. Tulikuwa watu 19. Mzee mmoja mvuvi alinyanyuka akauliza mbona soko la samaki limo katika bajeti kwa mwaka wa tatu na halijaonekana ufukweni. Afisa alipekua makaratasi yake kwa muda mrefu sana. Mwaka uliofuata soko lile lilianza kujengwa, nusu yake, na mzee yule sasa anauliza habari za nusu iliyobaki.

Sasa namjibu kijana wangu. Ulipouliza nimepata nini kwa kura, ulidhani, kama nilivyodhani mimi bustanini, kwamba kura ndiyo malipo yote. Kumbe ilikuwa arbuni. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 inazitaka kaunti zote ziwasilishe mpango wa maendeleo wa mwaka kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 inampa afisa siku 21 kukujibu ukimwandikia kudai nyaraka hizo. Mikutano yenyewe huwa asubuhi ya siku ya kazi, jambo linaloniudhi, maana wenye shida zaidi ndio wasioweza kuacha kibarua chao kuja kukaa ukumbini. Hilo nalo tulidai lirekebishwe, kwa barua, Machi iliyopita. Siku 21 zimepita bila jibu, na kesho tunapeleka ya pili.

Mwenyekiti, nimeambiwa muda wangu umekwisha na kwamba sasa ni zamu ya maswali. Ninaomba la kwanza atoe yule kijana wa mlangoni, kama jibu langu halijamtosha, na mtu ampishe kiti, maana amesimama tangu nilipoanza.