Vipimo viko sawa, mwenyewe je?

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Naona wengine mmekuja kwa ajili yenu na wengine mmewasindikiza wagonjwa wenu, kwa hiyo nitasema na pande zote mbili, kuhusu ugonjwa wa muda mrefu na unavyomlemea mtu moyoni na akilini.

Kisukari, presha, pumu, selimundu, kifafa, baridi yabisi, figo zilizochoka: haya mtu huishi nayo. Mara nyingi tiba yake ni kuyadhibiti, na kudhibiti ni kazi isiyo na likizo. Mtazameni anayetumia insulini. Kabla hajala anajitoboa kidole, anasoma mashine, anakadiria chakula kilicho mbele yake, anapiga hesabu ya dozi, ndipo ajichome sindano. Wenzake wameshafika nusu ya sahani. Mashine ikisoma 14, yaani sukari iko juu, yeye anasoma hukumu: nimekula nini, nimekosea wapi, daktari atasemaje? Wapo ambao kliniki ikikaribia huwa watiifu kweli kweli, dawa kwa saa, ili tu wasigombezwe. Siwalaumu hata kidogo. Mtu mzima anayeogopa kugombezwa kama mtoto wa shule, sisi watoa huduma ndio tuliomfikisha hapo.

Mwaka 1995 mwanasaikolojia William Polonsky na wenzake walichapisha dodoso la kupima mzigo huu kwa wenye kisukari, kwa sababu waliona kwamba mtu anaweza kuelemewa na ugonjwa wake bila kuwa na ugonjwa wa akili. Mtu wa namna hii umpunguzie kazi: dozi zipangwe upya, lawama ziishe, nyumbani awepo wa kumpokea zamu. Vidonge vya sonona, ule ugonjwa wa akili wa huzuni nzito isiyoondoka, si dawa yake.

Kuna pia majonzi ya kupotewa na nafsi yako ya zamani. Kathy Charmaz, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1983 baada ya kuzungumza na watu wenye maradhi ya muda mrefu. Ulikuwa fundi, watu wanakujua kwa kazi yako. Sasa unajulikana kwa ugonjwa wako. Mialiko inapungua, maana wenzako wameamua kwa niaba yako kwamba utachoka. Haya ni majonzi halali. Yanataka muda na msikilizaji, na atakayekuambia "mshukuru Mungu uko hai" mwambie unashukuru, na bado unalia.

Sasa nije kwenye sonona yenyewe, maana hapa ndipo tunapowapoteza watu. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa uwezekano wa kupata sonona kwa wenye kisukari ni takriban mara mbili ya wasio nacho. Kwa waliopata shambulio la moyo, karibu 1 kati ya 5 huipata. Wengi hudhani chanzo ni mawazo tu. La hasha. Mwili ukipigana na ugonjwa kwa muda mrefu hutoa kemikali za kinga zinazofika hadi kwenye ubongo, zikaleta uchovu, kukosa hamu ya kula na kutotaka watu. Tulilishuhudia hili kwa interferoni, dawa iliyotumika miaka mingi kutibu homa ya ini aina ya C: baadhi ya wagonjwa walianza sindano wakiwa na furaha zao, na ndani ya miezi michache wakawa na sonona kamili. Prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe mwilini, nayo humpandisha mtu hisia au kumshusha, na huiba usingizi. Ukiona mabadiliko baada ya kuanzishiwa dawa mpya, rudi ukaseme. Usiiache ghafla kwa uamuzi wako, hasa prednisoloni, maana kuikatisha ghafla ni hatari.

Kwa nini hatuioni? Kwa sababu dalili zimefanana. Kuchoka, kukosa usingizi, kupoteza hamu ya chakula, kushindwa kutuliza akili: mwenye ugonjwa wa figo anazo, mwenye sonona anazo. Basi mimi huuliza mengine. Mtu anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, lazima achoke. Lakini mjukuu aliyekuwa akimchekesha akija, akampandia mapajani, na babu asihisi chochote, hapo figo hazihusiki. Vilevile anayesema "nawachosha tu", anayejilaumu kwa kuugua, anayeona mbele kiza kitupu.

Halafu kuna kauli ambayo naichukia, na nimeisikia hata kwa madaktari: "Nani asingehuzunika angekuwa yeye?" Mtu akivunjika mguu kwa kuanguka ngazini, tunaelewa vizuri kwa nini umevunjika, na bado tunaufunga plasta. Kuelewa chanzo hakujawahi kuwa sababu ya kutotibu.

Na kutotibu kuna gharama. Uchambuzi mwingine, wa mwaka 2000, ulikuta wagonjwa wenye sonona wana uwezekano mara tatu zaidi wa kutofuata matibabu yao. Sukari inapanda, tunaongeza dozi, naye hata ile ya kwanza hainywi. Mwaka 2010 Wayne Katon na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la wagonjwa 214 wenye sonona pamoja na kisukari au ugonjwa wa moyo. Wauguzi waliofundishwa, wakisimamiwa na madaktari, walifuatilia sonona, sukari, presha na kolesteroli kwa pamoja, katika kliniki ileile ya kawaida. Vyote vikawa bora kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Kwa hiyo nikiambiwa haiwezekani mpaka tujenge kitengo cha afya ya akili, naomba kwanza nionyeshwe muuguzi aliyepewa dakika kumi za kuuliza.

Ninyi mnaouguza: wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Kwa homa ya siku tatu, sawa. Kwa ugonjwa wa miaka ishirini, muulize uji, muulize aende wapi, muulize hata ugomvi wa nyumbani auamueje, maana kuamuliwa kila kitu ndiko kunakommaliza. Na akisema "afadhali nife", msimkemee kwamba anakufuru. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua na kama ameshapanga namna. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Wengi huona nafuu kwamba hatimaye yupo aliyethubutu. Akijibu ndiyo, msimwache peke yake, dawa zake zishikwe na mtu mwingine, na apelekwe kwa mtaalamu siku hiyohiyo, hata kama kliniki yake ni wiki ijayo.

Nimesema mengi. Mama wa pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja prednisoloni. Karibu, mama, uliza.