Kiingereza cha uraia wa Marekani: afisa anapima nini?

Wazee wangu, mama zangu, hamjambo.

Tuanze na kuzungumza, maana ndiyo sehemu ambayo watu hawajui kuwa ni mtihani. Afisa wa uhamiaji anafungua fomu yako ya N-400, ile ya kuomba uraia, na kuuliza: unaishi wapi, ulisafiri lini, umewahi kukamatwa? Wewe unadhani anahakiki karatasi, kumbe masikio yake yako kwenye Kiingereza chako. Ukiitikia ‘yes, yes’ kwa kila kitu, utakiri makosa ambayo hukuyafanya. Hukuelewa? Sema ‘please repeat’. Hupunguziwi kitu kwa hilo. Afisa anatakiwa arudie swali, hata alitamke kwa maneno mengine.

Kusoma, unatakiwa upatie sentensi moja kati ya tatu. Kuandika ni imla, nako moja kati ya tatu. Orodha ya maneno yake iko bure kwenye tovuti ya USCIS, idara ya Marekani inayoshughulikia uraia na uhamiaji, kwa hiyo anayewauzia ‘majibu ya siri’ anawauzia maji ya mvua. Na wale ambao r na l zinatugombanisha, tulieni: ukisoma ‘Plesident’, maadamu maana haijapotea, umepita. Kosa dogo la tahajia nalo linavumilika. Kufupisha neno, hapana.

Ukianguka, unaitwa tena kati ya siku 60 na 90, kwa sehemu iliyokuangusha tu.

Sasa nyinyi wenye mvi. Ikiwa siku ya kupeleka fomu una umri wa miaka 50 na umekuwa mkazi wa kudumu miaka 20, au umri wa 55 na ukazi wa miaka 15, Kiingereza umesamehewa. Maswali ya historia na serikali hayakwepeki, ila utayajibu kwa Kiswahili, mkalimani akiwa kando yako.

Hapo kwenye ukazi ndipo hesabu zinapotupotea. Kuna mzee alihesabu kuanzia siku kadi yake ya ukazi, ‘green card’, ilipoletwa na posta, akahangaika na imla zaidi ya mwaka mzima, na kumbe msamaha alikuwa nao tayari. Aliyeingia kama mkimbizi huhesabiwa tangu siku aliyotua Marekani, kwa sababu tarehe ya ukazi wake hurudishwa nyuma mpaka hapo. Imeandikwa kwenye kadi yenyewe, penye maneno ‘Resident Since’.

Haya, toeni kadi zenu tuzisome. Asiyeona vizuri, miwani yangu hii hapa.