Sheria Imetangulizwa, Mtu Yuko Nyuma

(Mhadhara uliotolewa Chake Chake, Pemba, baada ya sala ya alasiri)

Assalaam alaykum wazee wangu, mama zangu na nyinyi vijana mliosimama hapo mlangoni. Nimeombwa nizungumzie marekebisho ya Katiba ya Zanzibar na haki zetu. Nimekuja na kijitabu hiki, jalada limeshachanika kwa kufunguliwa, na ninachokitaka hasa ni kifungu kimoja tu.

Wazee mnakumbuka. Katiba ya uhuru ya Disemba 1963 ilikuwa na sura ya haki. Haikutimiza miezi miwili. Baada ya Mapinduzi tukaendeshwa kwa amri mpaka ilipokuja Katiba ya 1979, na katika mahkama za wananchi wakili hakuruhusiwa kusimama. Mtu anashitakiwa, ndugu zake wamekaa wanamtazama, na hakuna wa kumsemea. Kwa hiyo Sura ya Tatu ya Katiba yetu ya 1984, yenye haki hizo, haikuwa jambo dogo kwetu.

Mwaka huohuo wa 1984 haki ziliingizwa katika Katiba ya Muungano kwa marekebisho ya tano. Lakini ikatungwa sheria ya kuzisimamisha kwanza, na mwananchi hakuweza kuzidai mahkamani mpaka Machi 1988. Kuandikiwa haki ni jambo moja, kuishika mkononi ni jengine.

Sasa nije kwenye kifungu cha 18 cha Katiba yetu, uhuru wa maoni. Kabla hakijamtaja mtu, kinataja sheria za nchi: kwamba haki hii isiathiri sheria hizo. Tazameni mpangilio wake. Sheria imetangulizwa, mtu yuko nyuma. Na sheria hutungwa na walio wengi siku hiyo katika Baraza la Wawakilishi, chombo chetu cha kutunga sheria.

Mwaka juzi kijana alinijia ofisini na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameandika malalamiko ya maji kijijini kwao, mistari sita, hati nzuri, akaibandika ukutani dukani. Akaitwa na mkubwa mmoja, akaambiwa amevunja sheria. Sheria gani, hakuambiwa. Karatasi ilikuwa bado ina gundi pembeni. Nilimsomea kifungu cha 18, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwalimu, hiyo sheria iliyotajwa mwanzo ndiyo ipi?" Kifungu hakisemi. Inaweza kuwa yoyote. Swali lake halijanitoka.

Kuna watakaosema hakuna nchi isiyoweka mipaka. Kweli, na hata mimi sitaki mtu aruhusiwe kumzulia jirani yake uongo. Mipaka hiyo iandikwe kwa jina lake, mtu aijue. Na tusidhani haiwezekani. Mwaka 2005, kwa marekebisho ya 14, Katiba ya Muungano iliondoa kauli kama hii ya kutanguliza sheria katika kifungu chake cha 18. Wenzetu wameiondoa, sisi bado tunaisoma.

Sisemi hapa kwetu hapakufanywa kitu. Marekebisho ya 10 ya mwaka 2010, mbali na Serikali ya Umoja wa Kitaifa tuliyoipigia kura ya maoni tarehe 31 Julai, yaliamua kesi za haki zimalizikie Mahkama Kuu ya Zanzibar, mbele ya majaji watatu, zisivuke tena kwenda Mahkama ya Rufani ya Tanzania. Yalileta pia kifungu cha 80A: yapo mambo ambayo Baraza la Wawakilishi haliwezi kuyagusa mpaka wananchi waulizwe kwanza. Mimi naliona hilo kuwa kubwa kuliko vyeo vyote vilivyogawiwa mwaka ule.

Kubadilisha Katiba kunataka thuluthi mbili ya wajumbe. Wajumbe hao mnawajua kwa majina, wengine mnasali nao msikiti mmoja. Mwakilishi wako akija kukutembelea, baada ya kumuuliza barabara na maji, mfungulie ukurasa huu.

Binti uliyekaa dirishani, hebu njoo. Shika kijitabu, utusomee kifungu cha 18, polepole, wazee wasikie. Halafu tuanze maswali.