Kuitoa sauti safi kwenye Game Boy ya 1989

Karibuni mafundi, karibuni wanamuziki. Hii niliyoshika ni Game Boy ya kwanza kabisa, mashine ya michezo ya kushika mkononi, ile ya kijivu iliyotoka Japani mwaka 1989. Ina njia nne tu za sauti: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya wimbi unalolichora mwenyewe, na moja ya kelele, ambayo ndiyo ngoma zetu. Nimechomeka katriji yenye LSDJ, programu ya kutungia muziki ya Johan Kotlinski wa Sweden. Sikilizeni besi hii kupitia tundu la hedifoni. Mmesikia ule mvumo wa nyuma? Unaongezwa na amplifaya ndogo ya ndani. Leo tunaichukua sauti kabla haijafika huko.

Toa betri zote nne. Mgongoni kuna skrubu sita, mbili zimejificha ndani ya chumba cha betri. Zinataka bisibisi ya mabawa matatu; ukilazimisha na ya bapa, kichwa kitalika.

Ukishazitoa, usitenganishe nusu mbili kwa pupa. Zimeungwa kwa utepe wa nyaya, na mashine yangu ya kwanza niliuchana hapo hapo. Shika plastiki ya kiungio, itikise kidogo kidogo mpaka itoke.

Nusu tunayoitaka ni ya nyuma. Tafuta gurudumu la sauti, ule upande wa kulia unapocheza. Chini yake kuna miguu iliyolehemiwa kwenye bodi. Hapa tutulie, kwa sababu ndipo kazi yenyewe ilipo. Wengi hunakili picha ya mtu mwingine na kuunga mguu usio wake. Naomba uitafute miguu yako mwenyewe.

Zungusha sauti hadi juu kabisa. Weka mita ya umeme kwenye mlio (ile alama ya kupima kama njia imeungana), ncha moja iguse hasi ya betri, nyingine ipite mguu kwa mguu. Unaolia ni ardhi, yaani upande wa hasi wa umeme. Kwa nini sauti iwe juu? Kwa sababu ikiwa chini kabisa, mguu wa kutolea sauti nao hugusana na ardhi, na mita itakudanganya.

Sasa rudisha utepe, weka betri, simamisha nusu mbili kama kitabu kilichofunguliwa, na upige wimbo. Chukua spika ya bei ndogo yenye umeme wake. Waya wake wa ardhi uguse ardhi uliyoipata, na ule wa sauti ujaribu miguu iliyobaki huku ukizungusha gurudumu. Mguu ambao sauti yake inapanda na kushuka, uache. Miwili ambayo haibadiliki, hiyo ndiyo yetu: kushoto na kulia. Kuitofautisha, peleka ala moja upande wa kushoto peke yake ndani ya LSDJ, kisha sikiliza inalia wapi.

Toa betri tena. Fungua bodi na uiweke kando kabla ya kutoboa kasha, vumbi la plastiki lisiingie kwenye swichi. Soketi ya stereo ya milimita 3.5 inatosha. Ijaribishe kwanza kasha likiwa limefungwa, uone haigusi kitu, ndipo utoboe.

Kata nyaya tatu nyembamba, uzipake risasi ya kulehemia kwenye ncha kabla ya kuziunga. Gusa mguu kwa chuma cha kulehemia kwa sekunde mbili au tatu, si zaidi. Ukikawia, shaba ya bodi inabanduka. Ardhi iende kwenye mwili wa soketi, kushoto kwenye ncha, kulia kwenye pete ya katikati. Tia tone la gundi ya moto juu ya nyaya ili zisivutwe.

Funga skrubu bila kukaza sana. Gurudumu halitaongoza tena sauti ya soketi hii, kwa hiyo shusha mikseri yako kabisa kabla ya kuchomeka, halafu pandisha polepole. Haya, sikilizeni besi ile ile.