Kile kiraka cha ukutani Munich

ZUHURA: Haya tumerudi jamani. Kassim yuko zake Unguja, mi niko Munich, Ujerumani, na leo tuliahidi mambo matatu ya kujua kabla hujaingia makumbusho za sanaa huku. Ila kwanza niwahadithie ya Jumapili.

KASSIM: Hebu. Tangu juzi waniambia nisubiri.

ZUHURA: Si unajua Jumapili pale Alte Pinakothek, makumbusho ya picha za zamani, kiingilio yuro moja tu? Nimetoka zamu ya usiku, sijalala, nikasema leo namfuata mchoraji Dürer, ile picha aliyojichora mwenyewe mwaka 1500, ana miaka 28, nywele mpaka mabegani, anakutazama usoni hapepesi. Sasa nimewahi, milango bado, nikawa nazunguka jengo kupasha miguu moto, kufika upande wa kusini naona ukuta katikati kama umetiwa kiraka.

KASSIM: Kiraka vipi?

ZUHURA: Jengo limefunguliwa 1836, kuta zina urembo kila dirisha, halafu pale kati hamna urembo, matofali matupu na nguzo nyembamba za chuma. Mabomu ya vita vya pili yalipapasua. Kuna waliotaka libomolewe lote, akaja msanifu, Hans Döllgast, akaziba pengo kwa matofali ya vifusi, umbo la madirisha akalifuata ila urembo hakuurudisha. Likafunguliwa tena 1957. Nimesimama hapo mpaka foleni imeisha mi bado niko nje!

KASSIM: Na Dürer?

ZUHURA: Nilimwona. Mkono kwenye manyoya ya koti, unywele mmoja mmoja, Kassim, mmoja mmoja. Lakini akili ilibaki ukutani, hata ngazi unazopandia, ndefu kweli, kaziweka Döllgast huyohuyo palepale palipobomoka.

KASSIM: Mie huo ukuta siupendi. Nyumba ikivunjika ijengwe kama ilivyokuwa.

ZUHURA: Watu wasijue kama ilivunjika?

KASSIM: Watajua, wataambiwa. Skiza, Beit al-Ajaib, lile jumba la masultani hapa Unguja, sehemu yake imeanguka siku ya Krismasi 2020, ikiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakafa. Mie napita Forodhani kila siku. Sitaki kila nikinyanyua macho nioneshwe pale pale ilipokatika. Nataka ile nyeupe yangu, baraza zake, nguzo zake, basi.

ZUHURA: Mi ndo hapo nakataa. Hao wawili wamekufa hapo, halafu ukuta upigwe plasta upake chokaa, mtoto wa miaka kumi apite asione kitu? Na hiyo "kama ilivyokuwa" ni ipi? Imejengwa 1883, Waingereza wakapiga mizinga 1896, mnara wa saa umewekwa mbele baada ya hapo. Wewe unayoililia yenyewe ilishatengenezwa.

KASSIM: Ilitengenezwa ikapakwa nyeupe! Hawakuacha jeraha wazi. Huko Munich ni vita, kila mtu anajua. Sisi nyumba imetuangukia wenyewe, kuliacha pengo lionekane ni kumwaibisha aliyekufa na aliyebaki.

ZUHURA: Kumwaibisha vipi? Mi naona ni kumkumbuka.

KASSIM: Weka jina lake kwenye jiwe. Ukuta uache.

ZUHURA: Jiwe watu wanalipita, Kassim. Mi mwenyewe huku nayapita mengi sijawahi kusoma hata moja. Ukuta umenisimamisha saa nzima na baridi ile.

KASSIM: Umekusimamisha wewe mgeni. Muulize anayekaa mtaa huo.

ZUHURA: …Hilo sijamuuliza mtu. Ila sibadili.

KASSIM: Na mie sibadili.

ZUHURA: Aa, jamani dakika zimeisha na yale matatu hata hatujayagusa. Jumatatu pamefungwa, na begi la mgongoni unaliacha kwenye kabati. La tatu wiki ijayo.

KASSIM: Wiki ijayo tuanze na mnara wa saa.