Konseli wa Yokohama

Mmeniuliza tena: huyo Diana Abgar unayemtaja kila ukisimama mbele yetu, alikuwa mwanadiplomasia kweli au mama mwenye huruma tu? Nitajibu, na leo sina upole.

Cheo chake mnakijua. Mwaka 1920 Jamhuri ya Armenia, iliyotangazwa Mei 1918, ilimteua Konseli wa Heshima, yaani mwakilishi wake asiye na mshahara, nchini Japani. Desemba ya mwaka huohuo Wabolsheviki, wakomunisti wa Urusi na wafuasi wao, wakashika madaraka Yerevan, mji mkuu, jamhuri ikafa. Wanaomsifu kuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza duniani kupewa cheo cha kidiplomasia wanasema kweli, ila wanasimulia miezi michache tu. Twendeni bandarini.

Familia ya Kiarmenia imenusurika mauaji ya halaiki ya Waarmenia ya 1915. Njia ya magharibi imezibwa na vita, basi imeikatiza Siberia yote hadi Vladivostok, ikapanda meli kwenda Japani, ipate kufika Marekani. Bandarini inaulizwa pasipoti. Ya nani? Dola ya Osmani, Uturuki ya wakati huo, ndiyo iliyowaangamiza. Tsar wa Urusi ameshaanguka. Pasipoti ya Nansen, hati ya kusafiria ya wakimbizi wasio na nchi, ilikuja 1922 kwa ajili ya Warusi, Waarmenia wakaingizwa 1924. Kabla ya hapo, watu hawa ni wa nani? Walikuwa wa mjane mmoja wa Kiarmenia wa Yokohama, bandari ya Japani, mzaliwa wa Rangoon, Burma, 1859, aliyekuwa akiendesha biashara aliyoachiwa na mumewe! Aliwadhamini washuke. Akawatafutia pa kulala, akahangaika na makaratasi yao, akafuatilia nafasi za meli, akaandika barua na barua tena.

Najua kuna anayesema moyoni: hiyo ni sadaka, si diplomasia. Hapana, bwana. Sadaka ni kumpa mkimbizi uji, na uji ni jambo jema. Lakini kusimama mbele ya dola ya kigeni na kusema "huyu ni wetu, mimi ndiye mdhamini wake", hiyo ni kazi ya konseli, tena ndiyo kazi yenyewe. Aliianza kabla ya kuteuliwa, akaendelea nayo baada ya serikali iliyomteua kutoweka. Sasa niambieni, cheo kilimfuata nani?

Nilikusudia kumlinganisha na Vartan Oskanian, mzaliwa wa Aleppo, waziri wa mambo ya nje wa Armenia kuanzia 1998 hadi 2008, na Armen Sarkissian, aliyekuwa balozi London kisha akawa rais. Ni watu wakubwa, na umaarufu wao wameutolea jasho. Lakini muda umekwisha, na wao hawakosi wa kuwasimulia.

Moja tu la mwisho, nalo linaniuma. Baada ya mauaji ya Waarmenia wa Adana, katika Dola ya Osmani, ya 1909, mama huyu alikuwa tayari anaandika na kuchapisha vitabu palepale Yokohama, kwa Kiingereza, akizisihi dola za Ulaya ziwalinde Waarmenia. Ilikuwa 1910, bado miaka mitano kufika 1915. Vitabu hivyo vipo. Visomeni kabla hatujakutana tena.