Ofisi yenye vitanda: nyumba za makasisi wa enzi ya Victoria

REHEMA: Karibuni tena. Leo tuko Uingereza, kwenye zile nyumba za matofali mekundu walizojengewa makasisi wa Kianglikana enzi ya Malkia Victoria. Siku hizi nyingi zinakaliwa na watu binafsi. Fundi Salum, hebu tuambie, una nini na nyumba hizi?

SALUM: Dada Rehema, ile ni ofisi yenye vitanda.

REHEMA: Ofisi kivipi?

SALUM: Tazama ramani yake. Karibu na mlango wa mbele kuna chumba cha kasisi cha kusomea. Mwenye shida zake, anayetaka kufunga ndoa, wote wanaishia pale. Sebule hawaioni. Jikoni na watumishi wako upande wa nyuma, na ngazi yao wenyewe. Watu wa aina tatu chini ya paa moja, na hawagongani.

REHEMA: Na kwa nini zikajengwa nyingi hivyo?

SALUM: Sheria. Zamani kasisi aliweza kushika parokia kadhaa, akaishi anakotaka, parokia zenyewe akamwachia msaidizi wa mshahara mdogo. Sheria ya 1838 ikambana akae kwa waumini wake. Haya, akae wapi? Mfuko wa Malkia Anne, mfuko wa Kanisa wa kuwasaidia makasisi maskini, wa tangu 1704, ukakopesha fedha za kujenga. Halafu 1850 kodi ya matofali ikafutwa.

REHEMA: Kodi ya matofali?

SALUM: Tangu 1784! Unahesabiwa matofali yako, unalipa.

REHEMA: Waziri wa fedha asitusikie.

SALUM: (anacheka) Sasa nenda Boyne Hill, mjini Maidenhead. Mwaka 1854 msanifu George Edmund Street alianza kujenga kanisa, nyumba ya kasisi na shule pamoja, kwa matofali mekundu yenye mistari ya jiwe jeupe. Hakuficha tofali kwa lipu. Ofisini kwake alikuwapo msanifu kijana Philip Webb, na 1856 akaingia William Morris, aliyekuja kuwa mbunifu mashuhuri wa mapambo. Webb alipomchorea Morris nyumba yake, Red House, Bexleyheath, mwaka 1859, akachukua mambo yale yale: paa lenye mteremko mkali, dohani ndefu, matao yaliyochongoka, tofali wazi.

REHEMA: Kwa hiyo nyumba ya kasisi iligeuka nyumba ya mtu binafsi hata kabla Kanisa halijaanza kuziuza!

SALUM: Umenena. Na kuziuza kulikuja kwa sababu ya gharama. Matengenezo yalikuwa mzigo wa kasisi mwenyewe. Akifa, mjane anadaiwa uharibifu kutoka kwenye urithi. Hadi sheria ya 1972 ndipo dayosisi zikabeba mzigo huo, na zenyewe zikaona afadhali kasisi akae nyumba ndogo.

REHEMA: Basi mnunuzi amefika na pesa zake. Anaharibu nini kwanza?

SALUM: Saruji! Kuta zile ni nzima, hazina uwazi katikati, na matofali yameshikanishwa kwa chokaa. Chokaa ni laini kuliko tofali, unyevu unatokea pale. Fundi asiyejua anakwangua, anaziba kwa saruji. Unyevu unakosa njia, unatokea usoni mwa tofali. Baridi ikija maji yanaganda, yanatanuka, tofali linabanduka magamba. Eti karekebisha!

REHEMA: Na ndani?

SALUM: Wanavunja ukuta kati ya jikoni na stoo zake wapate jiko kubwa la kulia chakula. Hapo sigombani na mtu. Kuta za watumishi zilijengwa ili wasionekane, sina uchungu nazo. Ila wengi wanatoa na ngazi ya nyuma wapate bafu.

REHEMA: Mimi ningeitoa.

SALUM: Moto ukianza ngazi kuu utashukia wapi?

REHEMA: Haya, ngazi ibaki. Bafu nitaweka kwenye chumba cha kasisi.

SALUM: Pembeni ya mlango wa mbele, Rehema?